Chepngetich Hakimbii

Mkenya anayeishi Sydney huulizwa swali moja mpaka alizoee: "Wewe unakimbia?" Ataulizwa na dereva wa teksi, ataulizwa na daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba na hawezi kujibu. Lakini Mkalenjini haulizwi. Yeye huambiwa. Wakishasikia umetoka upande wa Kericho, wanakutazama miguu kama mtu anayekagua gari la mitumba, kisha wanakuambia wewe ni mkimbiaji, na ukikataa wanadhani unajishusha kwa adabu.

Chepngetich alikataa tangu mwanzo, na hakukataa kwa adabu.

Sisi tunamwita Mama Chebet. Anaishi Lidcombe, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa miaka mingi ameinua watu wazima kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kitandani, mpaka goti lake la kushoto likachoka kabla yake. Ni mama mnene kiasi, ana sauti ya chini, na akisimama mahali anasimama kweli. Lakini msije mkadhani ni goti. Hata goti lilipokuwa zima, Chepngetich hakuwa mkimbiaji.

Shule yao ilikuwa juu ya kilima, si mbali na Litein. Siku moja walikuja wageni kutafuta watoto wa kupeleka kwenye mashindano, na mwalimu wa michezo akawapanga wote kwenye mstari. Chepngetich alifika mwisho. Nikisema mwisho, naomba mnielewe: wageni walikuwa wameshafungua soda. Mwalimu akamshika bega akamwambia, "Wewe nenda ukae nyuma ya tangi la maji mpaka hawa watu waondoke. Unaniharibia."

Akaenda. Na nyuma ya tangi akawakuta wasichana wengine ambao hawakutakiwa kuonekana, wanacheza kati.

Waliokulia Kenya wanaijua kati. Kwa wasioijua, ni hivi: wawili wanasimama huku na kule na mpira wa makaratasi ya plastiki uliofungwa kwa kamba, na mmoja yuko katikati yao. Wale wawili wanamrushia. Mpira ukikugusa umekufa, toka, aingie mwingine. Wasichana wengi walirukaruka pale katikati kama mahindi ya kukaangwa, na walikufa mapema. Chepngetich hakuruka. Alisimama akitazama mkono wa mrushaji. Akagundua kwamba kuna mpira wa kuua na kuna mpira wa kutisha, na kwamba ukiukimbia ule wa kutisha unajipeleka mwenyewe kwenye wa kuua. Wa kutisha unauacha upite. Wa kuua unauhepa kwa kusogeza mwili kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja, basi.

Nyuma ya lile tangi hakuna aliyemuua kwa urahisi. Wageni hawakumwona, lakini wasichana wote walimwona.

Miaka ikapita. Akaja Australia, akazaa, akafanya kazi, akaimba kwaya katika ibada yetu ya Kiswahili. Kwenye kwaya ndiko alikokutana na Katungu, mama wa Butembo, mwembamba, mcheshi, anayefanya kazi ghalani Wetherill Park. Katungu alikuwa ameingizwa na wenzake wa ghalani katika timu ya besiboli ya wanawake, daraja la chini, wale wanaocheza Jumamosi kwenye kiwanja chenye nyasi upande mmoja na vumbi upande mwingine. Timu ilikuwa na upungufu wa watu.

"Mama Chebet, njo ucheze," Katungu alimwambia. "Ni mpira tu. Wanakurushia, wewe unasimama na gongo."

"Wananirushia?"

"Eee. Na nguvu."

"Halafu mimi niko katikati?"

"Ni kama vile."

Chepngetich akasema atakuja kuona.

Nitawaeleza besiboli kwa kifupi, na msiogope, mimi mwenyewe niliielewa siku nilipoilinganisha na kati. Mpigaji anasimama na gongo kando ya kibao. Mrushaji anatupa. Mpira ukipita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua, huo ni mzuri; ukiuacha, unahesabiwa dhidi yako, na mizuri mitatu inakutoa. Lakini ukipita nje ya hapo ni mbaya, na mrushaji akikutupia mibaya minne, unapewa bure beisi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vitatu. Unatembea mwenyewe mpaka pale. Kutoka hapo unasukumwa na wenzako, beisi kwa beisi, mpaka urudi nyumbani, yaani kwenye kibao ulipoanzia, na hilo ndilo bao.

Kocha wao aliitwa Cheryl, mama wa Kiaustralia mwenye kofia iliyopauka na filimbi asiyoipuliza kamwe. Aliposikia jina la Chepngetich akauliza ametoka wapi, na alipojibiwa, macho yakamng'aa. Nyumbani akaenda kusoma habari za wakimbiaji wa Kericho. Jumamosi iliyofuata akamweka wa kwanza kwenye mpangilio wa wapigaji, nafasi ya mtu mwepesi, ili akifika beisi aibe ya pili kwa mbio.

Mchezo wa kwanza, Chepngetich akasimama kando ya kibao. Mrushaji akatupa mibaya minne, yeye hajatikisa hata unyusi. Akapewa beisi, akatembea. Cheryl kule pembeni akaanza ishara zake: akashika pua, akagusa kofia, akapangusa mkono. Maana yake ilikuwa, kimbia ya pili. Chepngetich akamtazama vizuri, kisha akamrudishia ishara yake mwenyewe: akatikisa kichwa.

Cheryl alidhani hakuelewa. Akarudia pua, kofia, mkono. Chepngetich akarudia kichwa.

"Mama," Katungu alimnong'oneza walipoketi benchi, "ule kocha anataka ukimbie."

"Nimemwona."

"Sasa?"

"Sasa amejua."

Na hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda. Mpira mzuri aliupiga, si kwa mbali, lakini aliupiga. Mpira mbaya aliuacha. Warushaji wa mji mzima walimtupia ya kutisha, ile inayoanza kama inakuja kifuani halafu inapinda, na ile inayoonekana nzuri mpaka inapofika ndipo inazama. Yeye alitazama mkono. Kila mara mbili alizosimama, karibu moja iliishia beisi, na katika daraja lao lote hapakuwa na mwanamke aliyefika beisi kumpita. Katungu aliyepiga nyuma yake alifurahi sana, maana kila akiingia alimkuta mtu wa kusukuma.

Lakini watu hawashangilii mtu aliyesimama. Huo ndio ukweli. Wanashangilia gongo likilia, na mtu akikimbia na vumbi likiruka. Mwenzake akipiga mpira ukadakwa na yeye akatolewa, alipigwa mgongoni na kuambiwa amejaribu. Chepngetich akienda beisi kwa miguu, walimpigia makofi mawili matatu kama ya harambee iliyochelewa.

Kuelekea mwisho wa msimu kukatokea jambo. Walikuwa nyuma kwa bao moja, wenzake wako kwenye beisi, na mpira wa mwisho ukapita karibu na magoti yake. Chepngetich akauacha. Mwamuzi akainua mkono: mzuri, umetoka. Wakashindwa.

"Haukuwa mzuri," alisema.

"Mwamuzi amesema mzuri," Cheryl alijibu.

"Mwamuzi amekosea."

Alisema vile bila hasira, kama mtu anayesema chai haina sukari. Cheryl ndiye aliyekasirika. Kwenye mazoezi ya Alhamisi kabla ya fainali akamweka kando akamwambia, kwa Kiingereza chao cha kukata maneno, kwamba timu inahitaji watu wa kupiga. Jumamosi atakuwa wa mwisho kwenye mpangilio. Na akisimama tu tena kama mlingoti, msimu ujao nafasi yake itapewa mtu mwingine.

"Nitapiga mpira unaostahili kupigwa," Chepngetich akasema.

"Utapiga ninapokuambia piga."

"Hapana."

Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Katungu, aliyekuwa akifungua viatu karibu, aliniambia hata yeye alishtuka. Njiani kwenda stesheni akajaribu kumlainisha rafiki yake. "Mama, franchement, kwa kweli, sema tu ndiyo, halafu ufanye yako. Kwetu kila mtu anafanya vile."

"Mimi sitaki kufanya yangu kwa kujificha," Chepngetich alisema. "Nilishakaa nyuma ya tangi."

Katungu hakujua tangi gani, na akaambiwa habari yote ndani ya treni. Waliposhuka Lidcombe hakumlainisha tena.

Jumamosi ikafika, jua la Machi bado kali. Na sisi tukafika pia, maana Mugambi, mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, alikuwa ametangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenzetu yuko fainali na ni lazima tumuunge mkono. Mugambi ni mtu wa Meru, anakaa Macquarie Fields, ana moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuja na bendera, na simu imeshachajiwa kwa ajili ya video. Chebet binti wa Chepngetich akaketi safu ya nyuma, mbali na bendera. Chebet anaelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Wapinzani walikuwa timu ya upande wa ufukweni, wasichana warefu waliochomwa na jua. Mara ya kwanza Chepngetich alipoingia, alipewa beisi bila kupiga. Mugambi akashusha simu.

"Sasa hiyo ni nini?"

"Amefika beisi," nikamwambia.

"Kwa kufanya nini?"

"Kwa kuacha."

"Wee! Tumepanda treni kutoka Macquarie Fields kuja kuona mtu ameacha?" Akasimama, akaweka viganja mdomoni. "Mama Chebet! Si ukimbie! Ama miguu umeacha Kericho?"

Watu wakacheka. Chepngetich akainua mkono kumsalimia, akabaki palepale kwenye beisi. Chebet akavuta kofia mpaka puani, akasema kwa Kiingereza kwamba hawa watu hawajui.

Mchezo ukaenda sare mpaka zamu ya mwisho. Timu yetu ndiyo iliyokuwa inapiga. Wawili walikuwa wametolewa, na mmoja tu akitolewa tena zamu imekwisha. Lakini beisi zote tatu zilikuwa na watu, na kwenye ya tatu, hatua chache kutoka nyumbani, alikuwa Katungu akichezacheza kama mtu anayekanyaga makaa. Na aliyekuwa anafuata kupiga ni wa mwisho kwenye mpangilio.

Cheryl akaomba mchezo usimame. Akatazama benchi. Msichana wake wa akiba, yule mwenye mikono mirefu, alikuwa ameshaondoka kuwahi zamu kazini. Hapakuwa na mtu mwingine. Akamfuata Chepngetich mpaka karibu na kibao, na sisi tulioketi mbele tukasikia.

"Piga," akasema. "Chochote kitakachokaribia, piga. Nakuomba."

"Ukiniomba nisimame, nitasimama ninavyosimama mimi."

"Unajua nilichokuambia Alhamisi."

"Najua. Na bado."

Cheryl akarudi pembeni, kofia mkononi.

Mpira wa kwanza ukagonga vumbi. Mbaya. Wa pili ukaja mzuri, kifuani, na Chepngetich akazungusha gongo, ukalia! Mugambi akaruka na bendera. Lakini mpira ukaenda nje ya mstari, na ukienda nje hivyo unahesabiwa kama mzuri ulioukosa.

"Umeona?" Mugambi akapiga kelele. "Anaweza! Anaringa tu!"

Wa tatu ndio uliotumaliza. Uliponyoka mkononi mwa mrushaji ukamjia Chepngetich moja kwa moja mbavuni. Huo haukuwa wa kutisha, ulikuwa wa kuua. Na yeye akafanya alichofanya tangu utotoni: akauhepa kwa kusogeza mwili upana wa kiganja, mpira ukapita ukipuliza jezi yake.

Halafu Cheryl akashika kichwa kwa mikono miwili. Wenzake wakashika vichwa. Katungu kule beisi ya tatu akapiga goti chini.

Kwa sababu katika besiboli, ndugu zangu, mpira ukikugonga unapewa beisi. Na beisi zikiwa zimejaa, ukipewa ya kwanza, kila mtu anasukumwa mbele, na aliye beisi ya tatu anaingia nyumbani. Ungemgonga tu, wangekuwa mabingwa palepale.

"Ungechelewa kidogo!" Cheryl akalia. "Kidogo tu, ukugonge!"

"Mama!" Katungu naye. "Walikuwa wameshakupa!"

Chepngetich akawageukia wote wawili. "Kwetu ukigongwa umekufa," akasema, na akarudi kusimama.

Mpira uliofuata ukakata ukingo wa kibao, mwamuzi akauita mzuri. Chepngetich akamtazama mwamuzi kidogo. Uliofuata tena ukapita juu ya bega. Sasa hesabu ilikuwa imejaa pande zote: mmoja mzuri akiuacha, ametoka na zamu imekwisha, mmoja mbaya, amepewa beisi. Na kila mtu uwanjani alijua mwanamke huyu anaweza kuacha chochote.

"Piga!" Mugambi. "Piga!" benchi nzima. Cheryl hakuwa na sauti tena, alikuwa anaonyesha kwa mikono tu, anazungusha gongo ambalo hakuwa nalo. Nilimwona Chebet ameinua kofia kutoka usoni. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama mrushaji, si usoni, mkononi.

Mrushaji akavuta pumzi. Akatupa.

Ulikuja mzuri. Naapa sote tuliuona mzuri, ulikuja katikati kabisa, na shangwe ya "piga" ikapanda mpaka ikawa sauti moja. Chepngetich gongo begani. Hakutikisika. Na hatua ya mwisho kabla ya kibao ule mpira ukazama, ukapinda kwa nje, ukaingia kwenye glovu ya mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya kibao, karibu na ardhi.

Mdakaji akaishika ile glovu palepale, akisubiri. Mwamuzi hakuinua mkono. Akaonyesha beisi ya kwanza.

Loo! Katungu akaja nyumbani kutoka beisi ya tatu akicheza, mikono juu, akikanyaga kibao mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Benchi ikamwagika uwanjani. Mugambi akavuka kamba ya pembeni na bendera yake, nasi nyuma yake. Lakini mwamuzi akatandaza mikono, akawazuia wote: bado. Mchezo haujaisha mpaka mpigaji mwenyewe aguse beisi ya kwanza.

Na mpigaji mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza analaza gongo chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kimbia!" Mugambi akapiga yowe. "Mama Chebet, sasa kimbia! Mara moja tu katika maisha yako!"

"Kimbia!" Cheryl naye, sauti imerudi. "Kabla hawajabadilisha mawazo!"

Chepngetich akaanza kutembea. Alitembea kwa mwendo wake wa kwenda stesheni siku asiyo na haraka. Wasichana warefu wa ufukweni walisimama na glovu kiunoni wakimtazama. Wenzake walisimama. Sisi tuliovuka kamba tulisimama hapo tulipofika, mguu mmoja mbele, kama tunapigwa picha. Uwanja mzima, wageni na wenyeji, ukamngoja. Katikati ya safari akasimama, akaweka sawa kofia yake, akaendelea.

Mwamuzi akakohoa. "Mama, tafadhali."

"Nakuja," akasema.

Na akafika. Hakuigusa beisi kwa ncha ya kiatu kama wanavyofanya wengine. Akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akageuka akatutazama. Ndipo mwamuzi akatangaza, na ndipo zile kelele zikaanza.

Cheryl alimfikia wa kwanza, akamkumbatia mpaka kofia zao zikagongana. "Msimu ujao unaanza wewe," akamwambia. "Wa kwanza kwenye mpangilio."

"Na ile ya kushika pua?"

Cheryl akacheka, akipangusa macho. "Sitashika pua tena."

Chebet akaja polepole, mikono mifukoni. Akamwambia mama yake kitu kwa Kiingereza, masikioni, na mama akamjibu kwa Kikalenjini, na hilo walibaki nalo wenyewe.

Mugambi yeye alikuwa ana manung'uniko. Tulipokuwa tunakunja bendera akamfuata bingwa na simu mkononi. "Sikia, Mama Chebet, hongera, mimi sina neno. Lakini umeniharibia video. Umetembea muda mrefu mpaka faili limekuwa kubwa, haliendi kwenye kundi. Basi nimefikiria, nikate pale kwenye kutembea. Niache ule uliopiga ukalia, halafu shangwe."

Chepngetich alikuwa ameketi kwenye nyasi anajifunga bandeji ya goti. Hakuinua kichwa.

"Ule niliopiga kata," akasema. "Kutembea usikate hata hatua moja."